Maua ya Kitulo na Sheria ya Kiota

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7



Somo letu safari hii ni amri ndogo ambayo wengi huipita haraka, kwa kuwa imesimama katikati ya habari za ng'ombe aliyepotea, ukingo wa dari na mbegu zisizofaa kuchanganywa. Musa anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akikuta kiota cha ndege njiani, kiwe mtini au chini, na mama ameatamia mayai au makinda, asimchukue mama pamoja na wanawe. Makinda anayo ruhusa kuyachukua, lakini mama amwachie aende zake. Halafu inafuata ahadi ya heri na siku nyingi, ahadi ile ile iliyofungwa kwenye amri ya kuwaheshimu baba na mama. Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliihesabu amri hii ya kiota kuwa nyepesi kuliko zote, wakastaajabu kuona malipo yake ni sawa na ya amri iliyo nzito kabisa.

Tuangalie vizuri kwamba Musa hakukataza kula. Mpita njia ana njaa, na Mungu anaijua njaa yake. Lililokatazwa ni kula cha leo pamoja na kile kitakachozaa cha mwakani. Wala amri hii haikuandikwa kwa ajili ya watu walioshiba, maana aliyeshiba hana haja na kinda la ndege.

Tumeichagua kwa sababu ya shauri ambalo huzungumzwa sana nje ya kanisa baada ya Ibada, na ndani ya kanisa halijazungumzwa. Baadhi ya jamaa zetu wa upande wa Makete, Rungwe na Mbeya Vijijini, na wengine mpaka Ileje na Mbozi, huchimba viazi vya maua ya porini na kuviuza kwa wanunuzi wanaovipeleka Zambia. Huko hutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga na magadi, vikapikwa mpaka vikashikana, vikakatwa vipande kama nyama. Chakula hicho ndicho chikanda. Wako wanaosema kuchimba ni dhambi, na wako wanaosema hakuna ua lililowahi kumlisha mtoto. Kabla hatujaamua nani ana haki, yafaa tujue kwanza kinachochimbwa ni kitu gani, maana tumesikia watu wakibishana kwa nguvu juu ya mmea ambao hawajapata kuuchungulia hata mara moja.

Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Uporoto, Kipengere na Livingstone. Zamani Wazungu waliuita Uwanda wa Elton, kwa jina la msafiri Mwingereza aliyepita huko mwaka 1877. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, na jina hili ndilo lililoshinda. Mwaka 2005 Serikali iliutangaza kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea, si kwa ajili ya simba na tembo. Ina zaidi ya kilomita za mraba 400 na zaidi ya aina 350 za mimea, na katika hizo aina kama 45 ni za maua yaitwayo okidi. Majani yake hushika mvua na kuiachia polepole, nayo huteremka mpaka Ruaha Mkuu.

Mtu akipanda huko mwezi wa Julai hataona bustani yoyote. Ataona majani makavu, upepo mkali, na asubuhi jalidi nyeupe imeganda kama chumvi iliyomwagwa. Moto wa nyika ukiwa umepita, ataona weusi mtupu. Mgeni anaweza kuapa kwamba nchi ile imekufa. Lakini mvua zikisha kunyesha, kati ya Desemba na Aprili, uwanda wote unavaa nguo: maua ya rangi ya chungwa, meupe, ya waridi, ya manjano, na ndege chozi wakipita kati yake. Hapo mtu anaelewa kwa nini Bwana wetu, alipotaka kuwaonyesha wanafunzi wake vazi lililoishinda fahari ya Sulemani, aliwaelekeza kwenye maua ya kondeni, asiwaelekeze kwenye nyumba ya tajiri yeyote.

Sasa maua hayo yalikuwa wapi mwezi wa Julai? Yalikuwa chini. Okidi za huko, kama zile za jamaa ya Disa, Satyrium na Habenaria, hazihami wala hazishindani na baridi. Huikwepa kwa kushuka ardhini kidogo tu, mahali ambapo jalidi haifiki na moto hupita juu kwa haraka. Ukiufukua mmea wakati umechanua utakuta viazi viwili chini ya shina. Kimoja kimenyauka, kimelegea kama tunda la mwaka jana. Hicho ndicho kilicholilisha shina hili, majani haya na ua hili, nacho kinakaribia kuoza. Cha pili ni kigumu, kimejaa. Hicho hakijalisha chochote bado. Majani ya mwaka huu yanakitilia akiba, nacho kitalala peke yake katika kiangazi, jalidi na moto, ili mwakani litoke shina jingine. Kwa kawaida kimoja huacha kimoja. Okidi hizi si kama kiazi mviringo, ambacho ukipanda kimoja wavuna kikapu. Zikitaka kuongezeka hazina budi kutegemea mbegu.

Na hapo kwenye mbegu ndipo penye ajabu kubwa zaidi. Sisi tuliofundisha miaka mingi tumeotesha maharage ndani ya chupa yenye pamba mbichi mara zisizohesabika, ili watoto waone jinsi harage linavyopasuka, na jinsi yale mapande mawili manene yanavyomlisha mche mpaka upate majani yake. Hindi nalo hufanya hivyo, na mtama, na hata karanga. Kila mzazi humfungia mtoto wake chakula cha njiani. Okidi hamfungii mtoto wake chochote. Kitumba kimoja kina maelfu ya mbegu, na katika aina nyingine za okidi duniani kimoja hupita hata milioni. Kila mbegu ni kama chembe ya vumbi, haina akiba ya kuitosha kuota. Upepo unaichukua na kuiangusha popote, nayo peke yake haiwezi kuendelea mbele.

Wataalamu walisumbuka kwa miaka mingi na jambo hili. Huko Ulaya matajiri walikuwa wakinunua okidi kwa bei ya kutisha, lakini wakipanda mbegu zake hupata kidogo au hawapati kabisa. Mwaka 1899 kijana Mfaransa, Noël Bernard, alikuta msituni bua la okidi lililofukiwa chini ya majani makavu, na mbegu zake zimeota. Alipozitazama kwa hadubini aliona kila mche umeingiliwa na nyuzi za kuvu, viumbe wa jamaa moja na uyoga na ukungu wa mkate. Hakuona mche hata mmoja ulioota bila nyuzi hizo. Kumbe kuvu ndiyo iliyokuwa ikimlisha mtoto asiye na masurufu. Nyuzi zake, nyembamba kuliko za buibui, huingia ndani ya mbegu, zikailetea sukari na chumvichumvi kutoka kwenye udongo na majani yaozayo. Mche hukaa hivyo gizani, bila jani la kijani, ukinyonya. Mara nyingi miaka kadhaa hupita kabla haujatoa ua. (Okidi aliyoikuta Bernard, kwa Kilatini, jina lake maana yake ni kiota cha ndege, kwa vile mizizi yake imesukwasukwa kama kiota. Hatukulitafuta jina hili ili lifae somo letu, ndivyo lilivyo.)

Basi ua moja la Kitulo si kitu kimoja. Ni mmea, na kuvu iliyo chini, na mdudu aliye juu. Maana chavua ya okidi haipeperushwi na upepo kama ya mahindi. Imefungwa kama kidonge, nacho hugandishwa juu ya mdudu anayekuja kunywa, akakichukua mpaka ua jingine. Satyrium ina mifuko miwili nyuma ya ua, iliyojaa maji matamu, na anayeyataka hana budi kuinamisha kichwa mahali panapotakiwa. Baadhi ya Habenaria nyeupe hutoa harufu yao jioni, kwa sababu wageni wao ni nondo. Wako pia wadanganyifu. Okidi kadhaa za jamaa ya Disa hazina utamu wowote, hujipamba tu zifanane na ua lenye utamu, na mdudu huondoka na mzigo bila malipo.

Msidhani habari za kuvu ni za Kitulo tu. Wasomaji wetu wa Iringa wanaijua miombo, na wanaujua uyoga unaouzwa kando ya barabara mvua zikianza. Uyoga mwingi wa miombo ni tunda la nyuzi zilizoshikamana na mizizi ya miti. Nyuzi huleta maji na chumvichumvi kutoka mbali kuliko mzizi uwezavyo kufika, na mti hulipa kwa sukari iliyopikwa na majani juani. Ndiyo sababu uyoga wa namna hiyo hakuna aliyefaulu kuulima bustanini: ukikata miti umeukata na uyoga. Miti yenyewe ina mambo yake. Mche wa miombo huunguzwa na moto au kukaushwa na kiangazi mwaka baada ya mwaka, ukarudi chini na kuchipua tena. Mtu huuona ni kijiti cha kufagilia, kumbe chini mzizi wake unaendelea kunenepa, mpaka mwaka ambao shina litaupita moto. Na mwezi wa Septemba, wakati sisi bado tunatimua vumbi na kutazama mbingu, miti hiyo hutoa majani mekundu majuma kadhaa kabla ya tone la kwanza.

Hata misonobari yetu ya Sao Hill, msitu mkubwa kabisa wa kupandwa katika nchi hii, inatufundisha jambo hilo hilo. Aina iliyoenea huko ilitoka Mexico. Misonobari ilipoletwa Afrika kwa mbegu, mara nyingi miche yake iligeuka njano na kudumaa hata katika udongo mzuri, kwa sababu mbegu ilivuka bahari na kuvu yake ikabaki kwao. Dawa iliyopatikana haikuwa mbolea. Mabwana misitu walichukua udongo kutoka chini ya misonobari iliyokwisha kukua, wakauchanganya katika vitalu, na miche ikashika rangi. Tangu hapo kuchukua udongo wa mti mkubwa kwa ajili ya mti mdogo ikawa desturi ya kitalu.

Hapa wahubiri tuna kishawishi. Tungependa kusema kwamba kuvu ina upendo, na kwamba porini wote huishi kwa hisani. Tusifanye hivyo. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba okidi moja yenye majani ya kijani, ikisha kukua, huirudishia kuvu yake sukari, kwa hiyo deni la utoto linalipwa. Lakini zipo okidi, kama ile ya Bernard, ambazo hazina kijani kabisa na zinanyonya maisha yao yote. Kuvu nyingine nazo zinaua. Mungu hakuiumba nyika ili iwe shule ya Jumapili. Sisi twasema tu kile ambacho mtu yeyote mwenye macho anaweza kukiona: hakuna kinachosimama pale kwa nguvu zake mwenyewe. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu mwili na viungo vyake, katika ule Waraka wa Kwanza, sura ya 12, alitumia jicho na mkono kwa sababu ndivyo wasomaji wake walivyovijua. Angelikuwa akiwaandikia Wakinga na Wanyakyusa, twadhani angeweza kutumia okidi.

Sasa turudi kwa mchimbaji. Huongozwa na shina au majani. Akifukua hukuta vile viazi viwili tulivyovieleza. Kile kilichonyauka hakina unga, hukitupa. Anachokitia katika kiroba ni kile kigumu, yaani mwaka ujao. Na kama mmea umeng'olewa kabla ya kitumba kukauka na kupasuka, mbegu nazo zimepotea. Kwa jembe moja amechukua mama na makinda. Mchimbaji hakusudii hivyo, ila huo mmea hauna sehemu nyingine ya kuuzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikitoka nchini kwetu kwenda Zambia vilikuwa kati ya milioni mbili na milioni nne kwa mwaka. Ukikumbuka kwamba kila kiazi ni mmea mzima, na kwamba mmea mmoja umepata kukua kwa kubahatika kukutana na kuvu yake, utaona kwa nini wachimbaji wanakwenda mbali zaidi kuliko walivyokwenda wazazi wao. Ndani ya Hifadhi kuchimba ni kosa mbele ya sheria. Nje ya Hifadhi nako, okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuzivusha mpaka bila kibali hakuruhusiwi.

Kuna aliyetuuliza: kwa nini watu wasivilime tu, kama viazi vingine? Ndugu huyo ameuliza vizuri, na jibu amekwisha kulisoma hapo juu. Anayetaka kuotesha okidi hizi kwa mbegu shambani hana budi kuwa na kuvu yake pia, na hayo si mambo ya jembe na mbolea ya dukani.

Lakini tunaomba msiliweke gazeti chini hapa kwa furaha kwamba wachimbaji wamehukumiwa. Mama mmoja mjane wa kijiji kilicho chini ya uwanda alituambia maneno ambayo hatujaweza kuyasahau. Alisema: "Mwalimu, mimi najua kwamba ninakula mbegu. Nyumbani pia nimewahi kupika mbegu ya mahindi. Unadhani nilikuwa sijui ni mbegu?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Kila mwenye shamba katika nyanda hizi anajua kwamba anayepika mbegu si mjinga. Amefika mwisho wa ghala, na watoto wanamtazama. Ada ya shule za sekondari za Serikali kwa kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na chakula vyatoka wapi? Mnunuzi wa chikanda huja na fedha mkononi, huwa haulizi karatasi. Faida kubwa haibaki kwa mama huyu. Kiroba hupita katika mikono mingi kabla hakijafika sokoni ng'ambo ya mpaka. Ila shilingi chache alizopewa yeye zilikuwa za siku ile ile.

Tena tuseme haki. Mwenye jembe la mkono huchukua viazi vyake akaacha majani, akaacha na udongo. Yule anayelima nyika kwa trekta ili apande viazi mviringo, au anayeigeuza kuwa shamba la miti, huua okidi, na kuvu, na kila kitu kilicholala chini, kwa siku moja, na hakuna anayemsema. Kwa nini? Kwa kuwa ana hati ya shamba, na Siku ya Mavuno huleta magunia mbele ya altare. Sisi hatusemi kwamba kulima ni kubaya. Viazi vya Mbeya na Njombe vinalisha miji. Twasema kwamba sheria ya kiota haikuwekwa kwa ajili ya maskini peke yao, na kama tutaisoma kwa mjane lazima tuisome pia kwa mwenye ekari hamsini. Abakize kipande cha nyika kisichoguswa na plau, hasa penye chemchemi na mabonde ya maji. Kipande hicho ndicho mama wa ndege.

Iko na sheria nyingine, katika Mambo ya Walawi sura ya 19, kwamba mvunaji asivune mpaka pembeni kabisa mwa shamba lake, na masazo asiyaokote, ili maskini na mgeni wapate. Ruthu Mmoabi aliishi kwa sheria hiyo. Ukizisoma sheria hizi mbili pamoja unaona hekima yake. Mwenye njaa aambiwa: usimchukue mama. Mwenye shamba aambiwa: usimalize pembe. Yule wa pili asipotii, wa kwanza hana njia ya kutii. Akisimamishwa mjane mbele ya wazee wa kanisa kwa ajili ya kiroba cha viazi vya maua, na mezani wakawapo watu ambao mwaka huu wamevuna mpaka ukutani, basi kesi hiyo imesikilizwa nusu.

Je, la kufanya ni nini? Wengi hutaja parachichi, na kweli zimewainua watu Njombe na Rungwe. Lakini mche wa parachichi hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuleta fedha, na huhitaji ardhi. Mjane wetu hana ardhi wala miaka mitatu. Nyuki wanafaa zaidi kwa kuanzia. Mzinga hutundikwa mtini, hauhitaji shamba, na nyuki hula maua bila kuyang'oa. Katika kata kadhaa za upande wa miombo asali imekuwa fedha ya uhakika kwa watu wasio na ng'ombe hata mmoja. Huku juu penye baridi kali nyuki ni wachache zaidi, kwa hiyo mizinga ingefaa itundikwe chini kidogo, penye misitu ya asili, na jamaa wa mitaa ya bonde wawapokee wenzao wa mlimani katika miti yao. Hilo halitakwenda bila maneno, tunajua.

Wakati asali inangojwa, watoto wanakula nini? Kwa hiyo tumependekeza katika Halmashauri ya Mtaa kwamba sehemu ya kumi ya magunia ya Siku ya Mavuno isiuzwe, bali iwekwe ghalani na kutolewa Januari hadi Machi, miezi ambayo mahindi ya zamani yamekwisha na mapya bado mabichi. Itolewe na akina mama wawili na mzee mmoja wa kanisa, bila kusoma majina ya wapokeaji kanisani. Tumependekeza pia kwamba kila mwenye shamba zaidi ya ekari kumi aombwe kwa upole, si kwa kutajwa, kueleza ni pembe gani ameibakiza. Wapo waliocheka tuliposema neno hili la pili. Mjumbe mmoja alisema kanisa linataka kuwa ofisi ya ardhi. Tulimjibu kwamba Musa alianza zamani.

Vijana wa Kipaimara watapanda Kitulo mwezi wa Februari pamoja na Padri, kuyaona maua yakiwa yamesimama. Wavae makoti mazito na wasije na jembe wala kisu. Mama yule mjane amekubali kwenda nao kuwaonyesha majani ya kila aina, maana kwa jambo hili hakuna mwalimu katika mtaa wetu anayemfikia.

Mwenye mizinga mitupu nyumbani, au anayejua kuchonga, aache jina lake kwa katibu wa mtaa kabla ya Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Anahitajika pia mtu mwenye pikipiki, kwa safari mbili tu.